Msimamizi Mwenye Mkono Mfupi

Jumatatu, 3 Juni

Sare za kwaya zimebaki nne. Umeme umekatika tena asubuhi, nimehamia kwenye cherehani ya miguu. Ndiyo maana sikuiuza. Walionicheka kwamba ni chuma chakavu leo wamekaa wanangoja umeme.

Deus hakuja jana. Wala Jumapili iliyotangulia. Anasema ana mafunzo ya wakulima kule Bisibo. Mafunzo siku ya Jumapili? Wakulima gani hao wasiokwenda kanisani?

Tangu apate ajira ya ubwana shamba huko Biharamulo nimeomba kwenda kumtembelea mara tano. Mara tano nyumba "haijakaa sawa". Nyumba yenyewe vyumba viwili. Hata ghala la kahawa lingekuwa limeshakaa sawa.

Posa yake ilikuwa ije kwa Baba, kijijini Keza, baada ya Pasaka. Ikasogezwa. Sasa ni tarehe 22. Shangazi ameshaniuliza kama huyo kijana anatembea kwa magoti.

Jumatano, 5 Juni

Kazi kubwa imeingia. Amenipigia mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi, anaitwa Mama Editha. Namba yangu kaipata kwa mteja wangu wa Rulenge. Bwana harusi mwalimu mpya, bibi harusi muuguzi mpya, wote wametoka chuo juzi juzi. Suti ya bwana harusi, suti ya msimamizi, magauni sita. Harusi tarehe 29. Anaongea mbio na kujichekea mwenyewe. "Fundi, usiniangushe. Nguo zikipwaya nitasemwa mimi, wewe utakuwa umeshapanda gari." Jina langu hakuuliza. Kanihifadhi kwenye simu "Fundi Ngara", basi.

Harusi yenyewe iko Bisibo.

Nilitaka kumwambia Deus. Nikasita. Sijui kwa nini.

Najua kwa nini.

Ijumaa, 7 Juni

Vipimo vimefika kwa simu. Bwana harusi, mtu wa kawaida. Msimamizi: shingo kumi na tano na nusu, kifua thelathini na nane, bega kumi na saba na nusu. Mkono wa kulia ishirini na nne na nusu. Mkono wa kushoto ishirini na tatu na nusu.

Nimesoma mara tatu.

Hakuna fundi anayepima mikono miwili. Anapima mmoja, anakata miwili. Mimi nimewahi kuandika miwili kwa mtu mmoja tu, nilipomshonea suti ya mahafali. Alianguka mtini akiwa mtoto, mkono ukaunga vibaya. Vipimo nikamwandikia kwenye karatasi nikamwambia aitunze. Ameitunza.

Kwa hiyo Deus ni msimamizi wa harusi na hajaniambia. Hilo ningelimeza. Lakini parokia zote ninazoshonea, wasimamizi lazima wawe mke na mume wenye ndoa ya kanisani. Mwaka jana nilitaka kumsimamia rafiki yangu, katekista akanirudisha mbele za watu: "Binti, wewe bado. Utamfundisha nini mwenzio?"

Nimempigia Mama Editha. Nikauliza kama fundi tu: na gauni la mke wa msimamizi je?

"Huyo usihangaike naye. Ni mwalimu, yuko huko huko kwenu Ngara, atakuja na lake. Mumewe anamsifia mpaka tunachoka."

Mwalimu. Huku kwetu. Mumewe.

Sikushona tena leo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeanza kuwatazama walimu. Wamejaa mji huu. Kila anayepita na mkoba namwona amevaa pete.

Ualimu nilisomea mimi pia. Stashahada yangu iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Niliomba ajira mpaka nikachoka, nikakodi shamba, nikalima maharage misimu miwili, nikanunua cherehani. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Sasa mwalimu mwenye ajira kanichukulia mtu.

Leo mmoja kaja kupunguza sketi. Nikamuuliza mumewe anafanya kazi wapi. Geita, mgodini. Nikamuuliza mikono ya mumewe ikoje, inalingana? Akanitazama kama mtu anayetafuta mlango. Nikasema ni utani wa mafundi. Nina aibu.

Nilikwenda kununua bitana kwa Bi Rukia mwenye duka la vitambaa. Babu yake alikuja hapa kutoka pwani na mzigo wa kanga, na wao hawajawahi kutoka kaunta. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba akasema, "Nani kakufanyia nini?" Nikamweleza nusu. Akakata kitambaa, akakunja, ndipo akasema: "Mwanangu, mwanamume asiyekukaribisha kwake, yupo anayemkaribisha." Halafu akanipa bei ile ile ya siku zote.

Jioni Deus kapiga. Sauti tamu. Nikamuuliza, huko kwenu kuna harusi msimu huu?

"Zipo. Za watu."

Za watu!

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda Bisibo kujaribisha nguo. Sikumwambia Deus. Nimeandika haya nikiwa nyumbani, nimeoga, nimekula.

Nyumbani kwa Mama Editha walikuwa wamejaa wanawake wakichambua maharage. Bibi yake bibi harusi amekaa katikati kama hakimu. Nikaletewa chai. Nikaomba isiwe na sukari.

Bibi akapiga makofi. "Kama mke wa bwana shamba! Na yeye hanywi sukari. Nyie wa Ngara mmekatazwa na nani?"

Nikamuuliza, mke huyo mnamfahamu?

Kumwona hawajamwona. Lakini wanamjua. Kila mmoja aliongeza chake, maharage yakidondoka kwenye ungo. Anaitwa Mwalimu Oliva. Kwao Keza. Baba yake mjane. Akicheka anafunika mdomo. Ana kovu la pasi mkononi, aliungua akimnyooshea mumewe shati la mahafali. Anafundisha sekondari, wanafunzi wanamwogopa. "Wanawake wa namna hiyo wamekwisha," akasema Bibi.

Nikashusha mkono wa sweta, kovu likafunikwa.

Oliva ni mimi. Keza ni kwetu. Kovu nililipata wiki ya kwanza ya kazi, kwa pasi ya mkaa, nikinyoosha sare za wanafunzi wa watu. Shati la Deus la mahafali sijawahi hata kuligusa.

Siku nane nimewashuku walimu wa wilaya nzima, na mke mwenyewe ni mimi. Kanioa bila mahari, kaniajiri bila serikali.

Niandike na hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Kwa muda wa kunywa kikombe kile nilifurahi. Hakuna mwingine. Nikasema akiingia atashtuka, atacheka, atasema jamani ndiye huyu. Tutacheka wote. Yaishe.

Akaingia. Mama Editha akamwita kwa sauti yake ya mnadani: "Bwana shamba, njoo kwa fundi wetu! Katoka Ngara, kwa mkeo."

Deus alinitazama. Nafasi alikuwa nayo. Neno moja tu.

"Karibu Bisibo, fundi," akasema. "Habari za safari?"

Nikasema njema.

Nikamvisha koti. Nikachoma pini. Mkono wa kushoto niliuinua mwenyewe. Bibi akauliza nyuma yangu: "Na wewe fundi, mji mmoja, humjui huyo mwalimu?" Nikasema, Ngara kubwa, Bibi. Deus akameza mate. Shingo kumi na tano na nusu, nikaiona inavyopanda na kushuka.

Jumapili, 16 Juni

Naongeza ya jana. Deus alinifuata kwenye kijiwe cha bodaboda. Akasema maneno mengi. Kwamba kijijini bwana shamba asiye na mke hakaribishwi kwenye mashamba ya watu, kila mwenye binti anamwona fisi. Mwenye nyumba alimuuliza siku ya kwanza, una mke? Akasema ninaye. Anafanya kazi gani? Ikatoka: mwalimu. "Si umesomea ualimu, Oliva? Nikikuoa uongo si unakwisha?"

Nikamuuliza: na ualimu? Ukinioa serikali itaniajiri siku hiyo hiyo?

Wake wa wenzake ni wauguzi, walimu, karani wa mahakama. Hilo hakulisema, nimelisema mimi. Neno fundi alilitamka mara moja tu siku nzima, nalo alilitamka ili asinijue.

Na cheti cha ndoa? Katekista ameshakidai. Kamwambia kiko Ngara, kwa mke.

Nikampa sharti moja. Amwambie Mama Editha mimi ni nani na ninafanya nini. Kwa mdomo wake, kabla ya tarehe 22. Akaapa kwa marehemu mama yake. Sikumwomba aape.

Jumatano, 19 Juni

Deus kapiga. "Nimeshasema kila kitu. Wamepata msimamizi mwingine. Mama Editha amenielewa, anakusalimu." Sauti nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo.

Nilimwamini mpaka nilipomaliza kupinda pindo la gauni la tatu. Kisha nikajiuliza: Mama Editha, aelewe jambo kama lile, asinipigie? Yule anayenipigia kuuliza rangi ya vifungo?

Alhamisi, 20 Juni

Mama Editha kapiga.

"Fundi, kuna mabadiliko. Suti ya msimamizi itavaliwa na mtu mwingine, vipimo nakutumia. Yule bwana shamba mkewe kaugua, yule mwalimu. Kalazwa. Masikini, tunachanga nauli mama wawili waje kumwona. Wewe uko karibu, huwezi kumpitia na uji?"

Nikasema nitampitia.

Nikakaa. Mwezi mmoja huu nimeolewa, nimeajiriwa, na sasa nimelazwa. Bado kuzikwa.

Sikumpigia Deus. Sikumpigia Baba kusimamisha ugeni. Nimenunua mchele na nyama ya Jumamosi. Anayetaka kusema kweli bado ana siku mbili.

Jumamosi, 22 Juni

Keza. Walikuja sita, na pombe ya ndizi kwenye vibuyu viwili vizuri. Mshenga ni Mzee Felisiani, mtu mwema. Mimi nilikuwa jikoni na Shangazi, mlango umerudishwa nusu.

Mzee Felisiani akaanza. Walikuwa wakipita, wameona ua kwenye boma hili. Wameambiwa ni mwalimu.

"Mwalimu?" Baba akasema. "Hapa? Mmepotea njia. Hapa nina fundi."

Watu wakacheka. Walidhani ni yale mazoea, wenye binti kujifanya hawana binti. Mzee Felisiani akacheka pia, akarudia: mwalimu, kijana mwenyewe ndivyo alivyotueleza. Baba hakuwa anacheza. Nyumba ile aliezekewa bati kwa pesa ya cherehani yangu. Nilimjua kwa sauti kwamba ameumia.

Nikangoja Deus asahihishe. Shangazi akanifinya: "Unangoja nini? Bado hujaitwa." Deus hakusahihisha.

Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikaamkia wakubwa. Baba akauliza kama inavyoulizwa: "Binti yangu, hawa unawafahamu? Pombe yao tuinywe?"

Deus alikuwa amevaa suti ya mahafali. Mkono wa kushoto umekaa vizuri kabisa.

Nikasema: "Wazee siwafahamu, Baba, nawaheshimu. Huyu kijana ni mteja. Wiki iliyopita nilimpima koti Bisibo mbele ya watu. Na yeye hakunifahamu."

Shangazi alicheka peke yake, kisha akaacha. Deus akasema "Oliva" mara moja. Mzee Felisiani akamgeukia: "Mlionana? Mkasalimiana kama wageni?"

Baba akavishika vile vibuyu, kimoja kimoja, akavirudisha taratibu upande wa wageni. Hakupandisha sauti. Akawaambia wale chakula kwanza, safari ni ndefu.

Walikula kidogo.

Jumapili, 23 Juni

Misa na Baba. Karibu na nyumbani akasema tu: "Ile cherehani ya miguu, mafuta unaitia?" Nikasema naitia.

Nimerudi mjini mchana. Msimamizi mpya ni mpana kidogo, mikono yake inalingana. Nimefumua mkono wa kushoto kwa wembe. Ile inchi ilikuwa imekunjwa ndani, huwa sikati kitambaa cha mtu. Nimeishusha, nimepiga pasi. Alama ya mkunjo bado inaonekana ukiinama karibu. Kesho nitaipitisha tena kwa kitambaa kibichi.

Nimemwandikia Mama Editha kwamba nguo zitakuwa tayari Alhamisi na kwamba asichangishe nauli, mgonjwa hayupo. Chini nikaweka jina, kwa mara ya kwanza: Oliva, fundi cherehani, Ngara.

Hajajibu. Umeme upo. Magauni yamebaki mawili.