Kengele ya Rosa

Mjukuu wangu, nyakwara Achieng',

Huku Kendu Bay tu wazima. Mjomba wako amemaliza kuezeka jikoni, na ng'ombe amezaa ndama dume. Natumaini Nairobi inakutunza.

Umeniuliza umjibu nini mkubwa wako kazini, anayesema kuifanya tovuti ya wizara itumike na wasioona ni gharama kubwa na kazi ya miaka. Nina kisa cha Rosa tu.

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, Homa Bay. Rosa, ambaye haoni, ndiye aliyepokea simu. Katika mtambo wake wa zamani, simu ikiingia, kifuniko kidogo kilianguka, naye akakisikia na kukipapasa. Kisha tukaletewa mtambo wa kisasa. Huo uliwasha taa tu, kimya. Rosa akawa anakaa mbele yake bila kazi, na bwana mkubwa wa ofisi akasema arudi kwao Asumbi.

Fundi aliyeufunga mtambo huo aliporudi kukagua waya, Rosa akamuuliza, "Ndugu yangu, hiki kitu hakina kengele?"

"Kengele iko, mama. Bwana mkubwa aliniambia nizime. Ati inamsumbua akisoma gazeti."

Akabonyeza kitufe kimoja. Mtambo ulipolia, Rosa alipapasa, akainua simu na kusalimia kama kawaida.

Alibaki pale mpaka akastaafu. Bwana mkubwa naye akaanza kufunga mlango wake.

Wasalimie wenzako.

Nyanya yako, Dani