Mchanga wa Karai Langu

Mume wangu mtoro,

Nakusalimu, ingawa wa kusalimiwa ni yule anayeonekana. Miezi kumi na moja sasa. Uliondoka hapa ukisema unakwenda mara moja kutengeneza friji ya mtu, na hiyo friji bila shaka ni kubwa kama mji mzima, maana mpaka leo hujaimaliza. Kandambili ulizoziacha chini ya kitanda panya wamezitafuna visigino. Mimi ndiye niliyekutafunia chakula ulipokuwa huna meno. Sasa meno yameniisha mimi, na wa kunitafunia simwoni. Haya, hujambo? Kifua chako kimepona? Huko kazini wanakupa nafasi ya kukaa ukala, au bado unakula umesimama kama punda? Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, nalinyamazisha kwa maji ya moto. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima kuliko yeye.

Usishangae mwandiko mnene. Kwa kawaida ni shangazi yako anayeniandikia, lakini leo nimemtuma sokoni, na nimemtuma makusudi. Anayeandika ni Seremala, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na anatumia ile penseli yake bapa ya kupigia mistari kwenye mbao. Nimemwapisha aandike kila neno kama linavyotoka, asinipambe wala asinipunguze, hata nikimtaja yeye mwenyewe. Kasema hilo halina taabu, kwake kuandika ni kama kukata mbao, mtu anafuata mstari tu. Amekaa kwenye kiti cha babu yako. Mimi niko na karai langu jikoni, karanga ziko motoni, kwa hiyo ukiona maneno yamekatika ujue nilikuwa nageuza.

Habari kubwa huku ni kilima. Kile kilima cha mchanga nyuma ya nyumba, ulichokuwa ukitelezea mpaka kaptura zikatoboka nikachoka kuzitia viraka, sasa kinatakiwa na kampuni. Wanasema ndani ya mchanga mweupe mna mchanga mweusi, mzito, unaotiwa kwenye rangi za nyumba na kwenye vyuma vya huko kwao. Walituita ukumbi wa shule, wakatukalisha kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Aliyesema kwa niaba yao ni bwana mmoja mpole, mwenye miwani mikubwa, na watu wamekwisha kumbatiza Miwani. Alieleza kwamba mchanga utachimbwa, utaoshwa kwa maji kwenye mabomba, mweusi utatolewa, na uliobaki utarudishwa palepale na kuoteshwa majani, mpaka mtu asijue kama paliguswa. Nyumba zote za mstari wetu zitahamishwa. Tutajengewa nyingine upande wa pili wa barabara, zenye bomba ndani. Kila mwenye nyumba atatia sahihi, na asiyejua kuandika ataweka dole gumba.

Nikasimama. Unanijua. Nikamwambia yule bwana, mwanangu, mimi sikuona ndani ya darasa hata siku moja ila leo, lakini mchanga naujua. Karanga nakaanga kwa mchanga miaka arobaini. Ule mweusi ndio unaoshika moto na kuugawa polepole. Ukiutoa, mweupe uliobaki unawaka upesi na kupoa upesi, na karanga inaungua ganda, ndani mbichi. Mchanga ni uleule kwa macho, kazi sio ileile. Sasa hicho kilima ndicho kinachoshika maji ya visima vyetu. Mkikiosha mkakirudisha kitupu, kitashika nini? Ukumbi ukacheka, wakidhani nafanya mzaha. Miwani hakucheka. Alivua miwani akaifuta, akasema hilo ni swali zuri na wataalamu wanalifanyia kazi. Daktari akikwambia hivyo mgonjwa ukiwa wewe, utalala?

Lakini nisikudanganye kwamba mtaa wote uko upande wangu. Nyumba nzima yenyewe haiko. Shangazi yako anataka kuhama jana. Kaahidiwa kazi ya kupikia wachimbaji, na ananiuliza kila siku nini kitamu katika kuteka maji kwa kamba mpaka viganja viote sugu. Na viganja vyake naviona. Amesoma kuliko sisi wote humu ndani na hajapata kazi ya kudumu tangu mumewe alipoondoka. Nikimwambia kilima, ananiambia tumbo. Basi tunakwenda kulala, kila mtu na ukuta wake. Nimefikiri sana juu ya hilo, mume wangu. Sio kila anayetaka kuhama ni msaliti, na sio kila anayetaka kubaki ana akili. Wengine tumechoka tu kufunga mizigo.

Sasa nakuja kwa Seremala. Asisimamishe penseli, nimemwona.

Wewe ulipokuwa umekwisha kuondoka, walikuja watu wawili karakanani kwake wakamwagiza vigingi. Vigingi mia mbili, vyenye ncha, vichwa vipakwe rangi nyekundu. Alidhani ni vya barabara ya lami, maana lami hiyo tumeahidiwa tangu babu yako ana nywele. Akavichonga, akavipaka, akaviweka juani vikauke mbele ya macho ya kila mpita njia. Baada ya wiki mbili vigingi vile vikaonekana vimepigwa kilimani, vimepita mpaka kwenye ua wetu, kimoja karibu na mlango wa choo. Basi watu wakajumlisha. Wakasema aliyechonga vigingi alijua. Kutoka alijua wakafika aliwaita, na kutoka aliwaita wakafika alituuza. Sasa hawamwiti Seremala, wanamwita Bwana Vigingi. Wanaving'oa kule kilimani wanakuja kuvirusha mlangoni kwake, asubuhi anaviokota kama mtu anayeokota kuni. Mwashi aliyekuwa akimwagiza fremu za madirisha sasa anaagiza mbali. Na lile benchi lake refu mbele ya karakana, ambalo wazee walikuwa wakikaa toka saa kumi wakibishana mpaka giza, limeota vumbi. Nimepitisha kidole, najua ninachosema.

Juzi kisimani wanawake walikuwa wakimsema. Mmoja akasema hata jeneza lake ajichongee mwenyewe, labda alipake nyekundu. Wakacheka. Na mimi nilicheka. Andika hivyohivyo, andika kwamba na mimi nilicheka.

Leo asubuhi amekuja kuniaga. Randa, misumeno na patasi ameshazitia kwenye gunia. Anasema mkewe ana ndugu mbali huko, atakwenda kuanza upya, akiwa na miaka hamsini na mitatu na mgongo mbovu. Nikamwambia sawa, lakini kabla hujaenda niandikie barua kwa mjukuu wangu, maana shangazi yake ana mambo mengi. Ndio akakaa. Mume wangu, sikuwa na shida ya barua. Kumwambia uso kwa uso nimejaribu siku tano nikashindwa, kila mara nilipofungua mdomo nilijikuta namkaribisha karanga. Kwa hiyo nakwambia wewe, na yeye kwa kuwa ndiye mwenye penseli atasikia.

Ni mimi niliyewaonyesha.

Mwaka juzi, ile mvua iliyobomoa jiko la nje, wewe ulikuwa umekwenda kutengeneza friji ya zahanati. Gari lilikwama mchangani karibu na genge langu, akashuka bwana mmoja mwenye miwani, amelowa kama kifaranga. Nikamkaribisha, nikampa karanga za moto. Alikula, akatazama karai, akasema hajawahi kuona karanga zilizoiva sawa namna ile, hakuna hata moja iliyoungua. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nikamwambia sio mimi, ni mchanga wangu, na mchanga huu hauuzwi dukani. Akatoa sumaku kwenye mfuko wa koti, akaipitisha juu ya karai. Ikaota ndevu nyeusi. Tukacheka sote wawili. Akauliza kwa adabu nautoa wapi. Mtu mwenye akili angesema popote. Mimi nilimshika mkono, nikampeleka mwenyewe mpaka korongoni nyuma ya nyumba. Nikamwonyesha kwamba usichote kabla ya mvua, chota baada, pale maji yanapopinda kona, maana ndipo mweusi unapobaki na mweupe unachukuliwa. Siri hiyo sikumpa hata shangazi yako. Akajaza kamfuko, akanishukuru, akaenda zake. Hakunipa chochote na sikumwomba. Nilifurahi wiki nzima kwamba msomi amejifunza kwangu.

Siku ya ukumbini aliponiona aliinama akaniamkia, akaniita Mama Karanga. Watu wakadhani ni adabu tu. Mimi nikajua ndiye yule wa sumaku. Ndio maana nilisimama nikauliza swali kwa sauti kubwa vile, nionekane niko mbele. Na tangu siku hiyo nimemwona Seremala akiokota vigingi mlangoni, nikamwonea huruma, nikaingia ndani nikafunga mlango. Huruma ya kufunga mlango, mume wangu, sijui inaitwaje huko mjini.

Hapo Seremala ameacha kuandika. Maneno haya nimemtolea baadaye, uyajue yalivyokuwa. Aliweka penseli juu ya karatasi, akatoka nje. Nikajua amekwenda, na ni haki yake, na karanga za karai zima ziliungua nikiwa naziangalia. Nikasikia anatembea karakanani kwake, kitu kinaburuzwa. Halafu akarudi na kisu, akakaa palepale, akaichonga penseli taratibu mpaka ikapata ncha. Hakunitazama. Akasema, "Mama, na mimi karanga hizo nimezila miaka thelathini. Endelea, naandika."

Basi naendelea. Jumamosi ya wiki ijayo tunaitwa tena ukumbini, na safari hii wanakuja na karatasi za kuweka dole. Dole langu hawalipati. Lakini kabla ya hilo nitasimama kwenye vile viti vya watoto niseme kama nilivyosema hapa, na sumaku niitaje, na korongo, na kicheko changu cha kisimani. Watanisema. Pengine watakuja kuvirusha vigingi kwangu, na nitashukuru, kuni zimepanda. Wengine hawatanunua karanga zangu tena. Sijui kama kilima kitapona. Kwa umri wangu naona kitakwenda, na shangazi yako atapika kwa bomba, na pengine atakuwa na raha, na sitamwonea wivu. Lakini mtu asihamishwe na kosa langu kabla hata mimi sijahama.

Gunia la vifaa sijui kama amelifungua. Sijamuuliza, na wewe usiniulizie.

Hilo dole jeusi hapo chini ni langu, nimelichovya kwenye masizi ya karai. Ndiyo karatasi ya kwanza mwaka huu kulipata. Seremala amenisomea yote mwanzo mpaka mwisho. Shangazi yako anakusalimu, ingawa hajui, bado yuko sokoni. Wasalimie wote unaofanya nao kazi, na yule binti ambaye unadhani simjui.

Jumamosi ya wiki ijayo uje. Usiniambie friji. Na ukishuka, usije kwangu moja kwa moja, hata ukiniona mlangoni nimekunyooshea mikono. Pita kwanza kwa Seremala, umwamkie kwa sauti watu wasikie, ufute vumbi kwenye lile benchi lake kwa shati lako zuri la mjini, ukae hapo. Kaa mpaka mtu wa pili aje kukaa.

Bibi yako mwenye karai