Ngoma kumi na mbili za sementi

Jumatano, Gitega, saa tisa alasiri. Jua linachoma, mawingu yamekaa upande wa Bugendana na hayana haraka ya kuja. Niko nje ya wodi, nimekaa kwenye ngazi. Mama amelala ndani, jicho lake la kulia limefanyiwa upasuaji, limefungwa kitambaa cheupe. Kesho asubuhi watamfungua.

Roho imenichafuka tangu juzi. Naandika hapa kwa sababu watu wanaonijua siwezi kuwaambia.

Kazi yangu ni sementi. Mwaka huu tulitengeneza upya kiwanja cha katikati ya mji. Zamani pale palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, umekaliwa miaka na miaka mpaka mawe yakang'aa. Watu wa Bugendana na Itaba walikuwa wakifika na mikungu ya ndizi kichwani, wanatua mzigo pale, wanakaa, wanapumua, ndipo wanaingia sokoni. Siku ya kwanza ya kazi niliubomoa ukuta ule mimi mwenyewe. Nilimaliza kabla ya chai.

Injinia alitaka viti vipya vyenye sura ya nchi yetu. Akatuuliza nani ana wazo.

Nilinyoosha mkono mimi.

Nikasema tufanye viti vya ngoma. Ngoma kumi na mbili za sementi, tuzipake rangi nyekundu, nyeupe na kijani, watu wazikalie. Injinia akasema voilà, huyu ndiye fundi. Nikavimba kichwa. Mzee mmoja wa Itaba tuliyekuwa tukifanya naye kazi aliniuliza polepole, kweli ngoma? Nikamwona mzito wa akili. Nikamwambia injinia yule mzee aende kuchekecha mchanga, na akaenda.

Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Ngoma nilizozijua ni za harusi, mpigaji akichoka anaikalia yake anakunywa maji, maisha yanaendelea. Nilirudi Burundi nina ndevu tayari, na nikajiona najua kila kitu kwa sababu najua kazi. Kumbe.

Vile vigingi vinavyobana ngozi ya ngoma, nilivifinyanga kimoja kimoja kwa vidole. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ni sifa tu.

Kiwanja kikafunguliwa. Vijana wa mjini wakapiga picha. Lakini watu wa milimani hawakukaa. Walitua ndizi zao chini kwenye tofali za moto, wakakaa chini kando ya viti vyangu, miguu wameikunja. Wamama wazima! Nikajiambia wanaogopa kuchafua rangi. Mke wangu nikamwambia watu wa kilimani ni washamba, hata kiti hawakijui. Nikikumbuka neno hilo nasikia kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha mdomo wangu.

Juzi Mama akafika kutoka Muyinga. Macho yake yameingia ukungu miaka mitatu sasa, anaona mwanga na vivuli tu. Kwenye simu alikuwa ananiambia kila wiki: nikipona, kitu cha kwanza unionyeshe kazi ya mikono yako. Nami nikamwahidi. Nikamshusha kwenye basi, nikampeleka kiwanjani apumzike magoti kabla ya hospitali. Sikumwambia chochote. Nilitaka akae kwanza, halafu nimwambie ni mimi.

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye kiti. Akapapasa juu. Akashuka pembeni, vidole vikapita kwenye kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaurudisha mkono haraka, akaufuta kwenye kitenge.

"Hii ni ngoma," akasema.

Nikasema ndiyo Mama, lakini ya sementi, kaa tu.

Hakukaa. Akatandika kitenge chake chini, akashuka kidogo kidogo na magoti yale, mpaka akafika. Kando yake kulikuwa na mama mmoja wa Bugendana na kikapu cha maharage, akasogea kumpa nafasi. Wakasalimiana kwa Kirundi. Mama akaniambia ngoma kwetu ilikuwa kitu cha mwami, yaani mfalme, inapewa heshima, mtu haiwekei makalio, na mwanamke ndiyo kabisa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuelekeza njia. Halafu akauliza ni nani alitengeneza.

Nikasema sijui.

Mama akatikisa kichwa. "Masikini. Huyo alikosa mama wa kumfundisha."

Yule mama wa maharage akaitikia, eego. Mimi, fundi mzima, nikainama nikamwinua Mama twende hospitali.

Jana nilikwenda kwa injinia kumwomba tuvibomoe. Akacheka, akasema watu wa milimani ni washamba tu, watazoea. Nilimsikia na nikataka kutema mate, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimeyasema mimi kabla yake.

Sasa kesho. Wakimfungua kitambaa, Mama ataomba nilichomwahidi. Nimewaza nimpeleke kwenye ukuta wa shule niliojenga mwaka jana, nimdanganye kazi yangu ni ile. Angefurahi. Angerudi Muyinga anawasimulia majirani.

Hapana. Nimeshamdanganya mara moja, inatosha.

Nitaingia mapema, kabla ya muuguzi, jicho likiwa bado limefungwa. Nitamwambia yule aliyezitengeneza ngoma zile ni mimi. Nitamwambia fundi huyo mama alikuwa naye, alikuwa naye siku zote, ila hakumuuliza. Akitaka kunitukana anitukane. Halafu nitakwenda Itaba kumtafuta yule mzee wa mchanga, nimwombe radhi na msaada, maana ukuta ule wa mawe siwezi kuujenga tena peke yangu.