Vazi la Eliya

Koboko,
3 Mei 1973

Kwa dada yangu mkubwa, yaya Monique,

Kabla ya neno lolote nauliza afya yako, afya ya shemeji na ya watoto, na magoti ya Mama, kama bado yanamsumbua mvua zinapoanza. Mimi mwili hauna neno. Ninakula, ninalala, ninafanya kazi zahanati kila siku ila Jumapili. Nimesikia kwamba huko kwenu Kongo sasa mmeamriwa kuacha majina ya ubatizo. Serikali iniwie radhi: katika barua zangu utabaki Monique, maana ndilo jina nililojifunza kuliita nikiwa bado natambaa.

Bahasha hii analeta Kasereka mwenyewe, yule mchuuzi wa kwetu, ndani ya gunia lake la samaki wakavu, basi usishangae harufu. Utakuta karatasi za namna tatu. Ile ya juu ni ya Mama. Msomee kama unavyomsomea siku zote. Ina habari za mvua, za mhogo na za kuku wangu aliyekaidi kuatamia, na chini nimeandika kama kawaida, "Sisi wanao, Alphonsine na Nestor." Tangu ndugu yetu achukuliwe sijawahi kuliondoa jina lake katika barua za Mama, kwa sababu uliniambia kwamba ukifika hapo yeye husema Amina. Hii unayoisoma sasa ni yako. Kama watoto wako karibu, watume kwa jirani, ufunge mlango.

Mara nyingi umeniuliza ni nini hasa kilichompata Nestor barabarani, nami nimekujibu kwa maneno machache, kwa sababu posta ya hapa ina macho. Leo naweza kusema yote. Lakini lazima nianze na wale wanafunzi, kwa kuwa wewe na Mama mlikuwa mmesharudi Butembo walipofika.

Walikuja Juni mwaka jana, vijana saba wa chuo kimoja cha Marekani, wa rika letu, katika likizo yao ndefu. Makanisa ya kwao yaliwachangia nauli ili waje kuhubiri na kutujengea zahanati. Misheni ya Arua ilinitafuta mimi niwe mkalimani wao, na Nestor akaajiriwa mwashi pamoja na rafiki yake Pitia, yule mkimbizi wa Yei, Sudan. Asubuhi wageni walibeba matofali, jioni walisimama mbele ya watu kusimulia jinsi walivyookoka. Nikasimama kando yao nikiyageuza maneno yao kuwa Kiswahili, na wakati mwingine, yaya, nilisahau kwamba maneno hayo si yangu. Nilirudi nyumbani kifua kimejaa kana kwamba mimi ndiye niliyevuka bahari.

Nataka uwajue kama walivyokuwa, maana najua utataka kuwachukia. Kulikuwa na msichana aitwaye Lois, aliyelia tulipomchinjia mbuzi, kisha akamla. Kulikuwa na Glen, mrefu, masikio mekundu kwa jua, aliyejifunza Kiswahili kwa Nestor juu ya jukwaa la waashi. Kilikuwa Kiswahili cha soko. Alimwendea Filda, mpishi wetu, akamwambia, "Mama, mimi iko njaa mingi," na Filda akamjibu, "Glen, jana uliniambia hivyo, leo tena hivyo. Hiyo tumbo yako iko na mlango ya nyuma?" Wanawake wote jikoni wakaangua kicheko, naye Glen akacheka kuliko wote, bila kuelewa nusu ya maneno. Siku Nestor alipopata homa, Glen alikaa kwenye mkeka kando yake mpaka jasho likamtoka. Alimpenda kweli. Hilo siwezi kuliondoa, hata leo.

Wanafunzi hao wana desturi yao. Siku ya mwisho hawaondoki na nguo walizokuja nazo. Kila mmoja humchagua mtu mmoja wa mahali pale, humwita mbele ya kanisa, humwombea, kisha humvika vazi lake. Lois alimvika Filda sweta lililombana mpaka mikono ikasimama pembeni. Glen alimwita Nestor. Alilokuwa nalo ni koti la kijani, la jeshi la nchi yake, la mtumba. Aliniambia kwamba vijana wengi wa chuo chao huyavaa, hata wale wanaoipinga vita ya serikali yao, kwa kuwa ni ya bei ndogo na yana mifuko mikubwa. Juu ya mfuko wa kifuani, pale jina la askari lilipobanduliwa, Lois alikuwa ameshona msalaba kwa uzi mweupe.

Glen alimwekea Nestor koti mabegani na kusema kwamba Eliya alipochukuliwa, vazi lake lilimwangukia Elisha. Sasa yeye anaondoka, na kazi anamwachia Nestor. Nilitafsiri kwa sauti ambayo hata wa nje waliisikia. Watu walipiga vigelegele. Nestor alisimama wima kama mtu anayepigwa picha, na kweli alikuwa anapigwa picha.

Baada ya hapo koti halikumtoka mwilini. Alilivaa hata juani. Kila Filda alipomwona anakuja alipiga saluti kwa mwiko: "Jenerali Nestor! Leo unaamuru nini? Mhogo ama maharagwe?" Pitia peke yake hakucheka. Alimwambia, "Ndugu, hii nguo tia rangi nyeusi. Kwetu mutu na nguo kama hii, pande zote mbili inampiga." Nestor akasema rangi itaumeza msalaba. Yakaishia hapo.

Vita ya Septemba, pale wapinzani wa serikali ya hapa walipovamia, ilipiganwa mbali sana na sisi, upande wa Tanzania, lakini hofu haikuchelewa kufika. Barabara ya kwenda Arua iliwekewa kizuizi. Nestor na Pitia walikuwa wanakwenda kununua misumari, kila mtu na baiskeli yake, na mvua ilikuwa inanyesha. Haya ninayokuambia alinieleza Pitia kabla hajarudi kwao Sudan, na alinieleza mimi tu.

Askari walimwuliza Nestor ametoka wapi. Alipojibu, wakasikia Kiswahili cha Kongo. Mmoja akamshika ukosi wa koti na kusema, huyu ni mamluki. Wakamwambia alivue. Nestor akacheka, wewe unakijua kile kicheko chake kinachoanzia mabegani, akasema, "Afande, hii koti iko ya maombi. Ndugu yangu Glen alinivika kanisani." Wakauliza, "Huyo Glen iko jeshi gani?" Akajibu, "Jeshi ya Yesu."

Pitia anasema hakujibu kwa ujeuri. Alijibu kama mtu anayejibu kanisani, akidhani nao wataitikia Amina. Wakamwambia Pitia achukue baiskeli zote mbili aende, na kwamba mwenzake atakuja kesho.

Nilikwenda na chakula kwenye lango la kambi ya jeshi. Waliniambia, "Hakuna mutu kama huyo hapa." Lakini chakula walikipokea, na mimi nikajiambia kwamba chakula hakipokelewi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Nikaenda tena, nikaenda tena, mpaka kijana wa zamu aliponiambia kwa sauti ya chini, "Dada, usirudi." Hayo mengine umekwisha kuyajua: matumaini yetu, na Mama kufunga kila Ijumaa.

Sasa nifike kwenye Pasaka. Baada ya ibada Mchungaji Natale alisimama na barua ya salamu kutoka kwa Glen. Ilianza kwa kumsalimu Nestor, na kanisa zima likaniangalia mimi. Huko kwao Glen huzunguka makanisani na picha ya Nestor ndani ya koti. Husimulia habari za Eliya, na watu hulia. Wameguswa sana. Kundi jipya la wanafunzi litakuja Julai, na safari hii kila mmoja ataleta makoti ya namna ileile, yenye msalaba kifuani, yawatoshe vijana wote wa kwaya. Yaya, walipiga makofi. Wavulana walianza kutaniana pale pale kwenye benchi, nani koti litamfika magotini, nani atalivaa siku ya kuposa. Hawajui kilichosemwa barabarani. Niliwatazama mmoja mmoja, nyuso ninazozifahamu tangu utoto wao.

Jioni ile nilimweleza Mchungaji maneno ya Pitia. Akasema ni lazima Glen azuiwe, na kwamba barua ya namna hiyo haiwezi kupita posta ya Arua. Nikamwambia kwamba hata ingeweza, siwezi kumwandikia mgeni kwamba ndugu yangu amekufa wakati mama yake hajaambiwa. Na Mama nitamwambia nini, wakati mimi mwenyewe sijui? Hivyo ndivyo nilivyosema, na siku ile ilikuwa kweli.

Sasa najua.

Juma hilohilo la Pasaka alikuja zahanati mwanamke kijana aitwaye Madina, mke wa askari, mpole, sauti yake kama ya mtu anayeomba radhi. Mtoto wake alikuwa anatetemeka kwa homa. Alikuwa amemzungushia koti la kijani. Nilimpokea mtoto, nikamlaza mezani, nikaanza kumfungua. Juu ya mfuko wa kifuani uzi ulikuwa umefumuliwa wote. Lakini kitambaa kilikuwa kimechujuka kila mahali isipokuwa pale uzi ulipokuwa, na pale palibaki kijani kibichi, na vitundu vidogo vya sindano pembeni. Msalaba ulikuwa wazi kuliko siku uliposhonwa.

Madina aliona ninapotazama. Akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Dada, hiyo alama inakataa kutoka. Nafua, nafua, iko tu." Nikamwuliza koti amelipata wapi. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa, ndiyo ile ile niliyotafsiria. Akasema bwana yake alilileta kutoka kazini wakati wa mvua za mwaka jana. Yeye alimwambia lirudishwe kwa mwenyewe, maana ni nguo nzuri, mtu ataitafuta. Bwana yake akasema, "Mwenyewe tulimzika. Hana kazi nayo tena."

Alisema hivyo huku anampangusa mtoto makamasi. Hakujua anaongea na nani.

Kuna vitu mkono hufanya peke yake. Nilimpima mtoto, nikasaga vidonge, nikamnywesha kwa kijiko. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa upande wa mashariki, ule alioujenga Nestor. Koti lilikuwa mkononi mwangu. Nililileta usoni kana kwamba natazama kama ni safi. Lilikuwa linanuka maziwa na moshi wa nyumba ya watu wengine.

Na sasa nakuungamia jambo ambalo sijamwambia hata Mchungaji. Mama akisikia, atauliza tutazika nini. Mwili hatutapewa, na mahali hatutaonyeshwa. Kitu pekee cha Nestor ambacho kingeweza kuwekwa ardhini, tukakililia, nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili. Ningeweza kusema zahanati inalihitaji, ningeweza kumpa blanketi badala yake, Madina asingekataa. Lakini mtoto alikuwa analia kwa baridi, na alipoliona koti akanyoosha mikono. Nikamzungushia, nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikawasindikiza mlangoni. Sijui kama nilifanya kwa upendo au kwa woga. Nimelifikiria kila siku na bado sijui. Mtoto yule amepona.

Kwa hiyo, yaya, nakuomba. Usimwambie Mama peke yako. Mwite baba mdogo Raphaël na wanawake wa kanisa, mkae naye chini, mumshike. Mwambie kwamba Nestor alikufa akicheka na watu, kwa maana ndilo jambo lake la mwisho tunalolijua kwa hakika. Koti mwambie ukiona anaweza kulisikia.

Karatasi ya tatu ni ya Glen. Nimeiandika kwa Kiingereza, lakini yaliyomo ni haya haya, na mwishoni nimemsihi wasilete vazi lolote la askari, wao wenyewe wasilivae. Sikuifunga. Mama ndiye mwenye mwana, na ndiye atakayesema kama kijana huyo aambiwe zawadi yake ilifanya nini. Akisema aambiwe, itume kutoka Butembo. Akisema asiambiwe, ichane, na mwandikie wewe kwamba nguo hizo zimekatazwa hapa, basi. Ila moja kati ya barua hizo iondoke kabla ya Juni, kwa ajili ya wale wavulana. Mimi nimejaribu kumchukia Glen na nimeshindwa. Nikifika kwenye uso wake naona masikio mekundu, na Nestor pembeni anamfundisha kusema tofali.

Nisalimie shemeji, watoto, na baba mdogo. Filda anakusalimu, bado analivaa lile sweta. Mshukuru Kasereka na umpe chakula, amechoka kwa ajili yetu. Na Mama, baada ya yote, mkumbatie, ukae hivyo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, peke yangu,

Alphonsine