Kijiko Kimoja, Watoto Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi mwanangu Kidege amekilamba kijiko cha dawa mpaka kikang'aa, kisha akageuka akakisukuma kinywani mwa binti wa wifi yangu. Kikavu! Hakuna hata tone. Na yule mwenzake akafumba macho, akameza mate, akasema "mmm". Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mwaka mmoja na nusu tu – huruma hii kaitoa wapi?

Kwangu, nadhani. Niandike hapa maana hakuna anayesoma. Dawa ni ya Kidege, jina lake limebandikwa kwenye chupa. Ni ya utafiti, ya kuongeza damu. Kijiko kimoja kila asubuhi kwa miezi mitatu, halafu naweka tiki kwenye kadi. Nyumba moja, mtoto mmoja, ndivyo walivyosema siku ya kuandikisha. Sasa mimi na wifi tunakaa nyumba moja. Binti yake na Kidege wamepishana wiki tatu. Unamlishaje huyu na yule kakaa hapo hapo mkekani, kaachama?

Kwa hiyo nagawa. Nusu huku, nusu kule. Tiki naweka. Sijadanganya. Kadi inauliza: Amekunywa? Amekunywa.

Kazi yangu nayo iko jengo la watafiti hao hao. Nafagia, napiga deki, naandaa chai. Wako watatu, wanawake wote, weusi kama mimi. Daktari ndiye mkuu, anapima damu. Bibi Hesabu anashughulika na namba. Mwalimu anachunguza jinsi elimu ya mama inavyomsaidia mtoto. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza Daktari bosi atafika saa ngapi. Akasema, ameshafika, anatafuta sukari.


Jumatano, 5 Machi

Bibi Hesabu karudi kutoka mkutano wa wanasayansi, huko mbali. Kwenye chai akawa anasimulia. Kasimama ukumbini na suti yake, beji kifuani, anasubiri zamu yake ya kuzungumza. Akaja mzee mmoja wa Kizungu akampa kikombe kitupu. Asante, akamwambia, akaondoka. Mwalimu akauliza, ukafanyaje? Nikapanda nacho jukwaani, kasema. Nikakiweka mbele yangu nikazungumza dakika ishirini, na yeye yuko kiti cha mbele.

Wakacheka mpaka Mwalimu akapaliwa.

Mimi nimesimama hapo na sinia la vikombe vitupu. Nicheke, nisicheke? Daktari akaniona. Akainuka kunipokea sinia. Acha, Daktari, nikasema, ni kazi yangu. Najua, akasema. Lakini hakuliachia, na mimi sikuliachia. Tumesimama kama watoto wanaogombea mwanasesere. Mpaka sasa sijaelewa yule mzee alikosea wapi – kumdhania Bibi Hesabu mtu wa chai, au kumpita mtu wa chai kama anapita meza?

Baadaye wakamgeukia mchumba wa Mwalimu. Huyo bwana kamwambia Mwalimu atamuoa akishamaliza kusoma. Bibi Hesabu akasema, basi mwambie ajiandae kukuoa ahera.

Halafu Daktari akatamka neno moja likaniganda kichwani. Nusu ya chupa hazina dawa. Ni maji ya sukari. Ndivyo utafiti unavyofanywa: hawa dawa, hawa sukari, mwisho wanalinganishwa. Hata yeye hajui ipi ni ipi mpaka siku ya kufungua orodha. Nakumbuka tulielezwa, na sahihi niliweka. Lakini siku ile Kidege alikuwa analia. Nilichosikia mimi ni "dawa".

Kwa hiyo kila asubuhi nagawa nini? Huenda nakata sukari vipande viwili huku najiona mwizi. Huenda nakata dawa, na mwanangu anabaki na nusu ya alichohitaji. Sijui lipi baya zaidi.


Alhamisi, 6 Machi

Kupima damu. Foleni ndefu. Nilikaa na mama wa mapacha, ambaye pacha wake mmoja tu ndiye aliyeandikishwa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, unafanyaje? Akanicheka. Leo huyu, kesho yule, kasema, au unataka nimfunge mmoja nje kama mbuzi? Na tiki? Akaninong'oneza: tiki haina jina, mama.

Kidege katobolewa kidole, hakulia, alikiangalia tu kidole kama cha mtu mwingine. Daktari akasoma mashine, akasoma tena. Damu haijapanda. Akaniuliza, anapata kila siku? Nikasema, kila siku, Daktari, hata Jumapili. Kweli tupu. Mbona basi ulimi ulikuwa mzito?

Akafungua kadi yangu. Mistari imenyooka, tiki zote za ukubwa mmoja, hakuna doa la uji. Akamuita Mwalimu aje aone. Mwalimu akaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikasema shule ya msingi tu, nilikuwa wa pili darasani, halafu mama akaugua. Wakatazamana. Kuna mafunzo ya miezi sita, Mwalimu akasema, ya wahudumu wa utafiti – wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuongea na akina mama. Tunatafuta mtu makini. Mtu wa kuaminika. Jumatano uje tuzungumze.

Nimetembea mpaka nyumbani sikumbuki nilipita njia ipi. Mimi, darasani tena! Nimembeba Kidege nikamzungusha. Halafu nikamshusha. Mtu wa kuaminika.


Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia wifi. Nilimwambia tukiwa tunafua, ili nisimtazame usoni. Akasema, wifi yangu, usinitie kichaa. Mtoto wangu kapata rangi, angalia fizi zake, na wewe unataka ukaseme wakuchukulie chupa? Nikamwambia huenda ni sukari. Akasema, basi sukari imemfaa. Wao wana vitabu vyao, sisi tuna watoto wetu.

Nimeziangalia fizi. Ni nyekundu. Zilikuwa nyekundu zamani? Sikumbuki. Za Kidege nimeziangalia mpaka akaning'ata.

Baba Kidege alikuwa anatengeneza kiatu cha mteja, misumari mdomoni. Akaisikiliza habari yote bila kuitema. Mwisho akaitoa mmoja mmoja akasema, ukweli ni mzuri, mke wangu, lakini ukweli hauozi. Pata cheti kwanza, useme baadaye. Nikamuuliza, na kama unaoza? Akairudisha misumari mdomoni.

Huyu mume wangu ana hekima, au ana woga? Miaka mitatu nimeolewa naye na bado nashindwa kutenganisha.

Asubuhi niligawa kama kawaida. Upande wa Kidege ulizidi kidogo. Nilipunguza. Halafu nikajiuliza, nampunguzia mwanangu mwenyewe?


Jumatatu, 10 Machi

Watafiti wamegombana leo. Si ugomvi wa matusi, ni wa karatasi. Nilikuwa napiga deki barazani, mlango wazi.

Bibi Hesabu anasema, chupa zinarudi tupu, kadi zimejaa tiki, nusu ya watoto wanakunywa dawa halisi hata kama hatujui ni nani. Mbona damu imelala? Namba hazina huruma: kijiko kimoja hakitoshi. Awamu ijayo tuweke viwili. Daktari akasema, unajua dawa hii ikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo. Bibi Hesabu akajibu, najua, lakini nionyeshe hapa mtoto aliyekunywa kikamilifu akapona kwa kimoja. Mwalimu akauliza kwa upole, je, akina mama wanatupa sisi majibu tunayoyataka? Bibi Hesabu akasema, akina mama wale ni mama zetu, Mwalimu, tusianze kuwaita waongo. Kule nje, mikutanoni, wanatuita waongo sisi, inatosha.

Ripoti ya awali inatumwa Ijumaa.

Nimesimama na tambara la deki, maji yanachuruzika mguuni. Si waongo. Hakuna aliyedanganya! Wametuuliza, amekunywa? Hawakuuliza, amekunywa na nani?

Halafu nikamfikiria mtoto wa peke yake. Yule asiye na pacha, asiye na binti wa shangazi mkekani. Ataletewa vijiko viwili kwa sababu yangu mimi na mama wa mapacha na sijui wangapi wengine. Na mama yake atampa vyote viwili, vimejaa mpaka ukingoni, kwa sababu anampenda.




Jumatano, 12 Machi

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yao. Nimefua khanga, nimesuka nywele. Kidege yuko kwa wifi. Wifi alikuwa hanisemeshi tangu jana, lakini leo alinifunga kamba za viatu mwenyewe, akaniambia usituaibishe. Sijui aibu ipi anaiogopa.

Ndani wanacheka. Nasikia Mwalimu anasema kamrudishia yule mchumba wake pete kwa njia ya mtoto wa dada yake, na Bibi Hesabu anauliza kama alimpa na risiti. Wanacheka kama dada zangu. Nawapenda, hapo ndipo penye shida. Wangekuwa watu wabaya ningeshajua la kufanya.

Nikisema, watajua Mtu Makini ndiye aliyewaharibia miezi mitatu. Mafunzo kwaheri. Pengine hata kazi ya deki. Na mama wa mapacha nitakuwa nimemuuza. Nisiposema, nitavaa koti lao, nitabisha hodi kwa mama fulani na kumwambia, mpe viwili.

Au niseme kuhusu mimi tu? Mmoja hatoshi kubadilisha namba. Watasema ni kadi moja.

Leo asubuhi niligawa, kisha nikachukua kadi na penseli. Kisanduku cha tarehe kumi na mbili. Sikuweka tiki. Mkono wenyewe ukaandika "nusu", herufi ndogo ndogo, zimejibana kwenye kisanduku kama watu kwenye benchi. Nikaiangalia kadi nzima – tiki, tiki, tiki, halafu hilo neno. Limeharibu mstari wote. Baba Kidege aliliona, akanipa kifutio. Ninacho hapa mkononi, kimeanza kuloa jasho.

Kama nitalifuta, kadi itabaki na alama, watauliza hapa palikuwa na nini. Kama nitaliacha, wataanza kuuliza na zile tiki nyingine. Tiki za siku sabini. Naweza pia kuingia bila kadi, niseme nimesahau, halafu nikishakaa niwaeleze kwa mdomo, taratibu, nianze na foleni, nianze na mkeka –

Mlango umefunguliwa. Ni Daktari mwenyewe, si Mwalimu. Anatabasamu, ananyoosha mkono, anasema karibu mama Kidege, ingia, na hiyo kadi tuione, na mimi bado sijaamua