Kigari Kilichotambaa Mchana

Mbumbuni, Ijumaa

Na ilikuwa mota ya servo tu, ile ndogo inayogeuka kwa amri ya mapigo ya umeme! Ile niliyokata kizuizi chake cha ndani ili izungushe gurudumu bila kikomo.

Mke wa shemasi alikuja saa saba mchana kuchukua redio yake. Kigari changu kilikuwa mezani, nimekiamuru kisimame. Kikaanza kutambaa polepole kumwelekea.

"Mama Mutuku, nani anakisukuma?"

"Ni betri, dada."

"Na mbona hujakigusa?" Akaacha redio, akatoka kinyumenyume.

Jioni jirani yangu Nduku ameniambia wazee wa kanisa watakuja kesho mchana, pamoja na shemasi na mkewe. Watu wanasema nimefuga kitu. Mjane, anaishi peke yake, na vyombo vyake vinatembea vyenyewe. Yule mama wa ng'ambo ya mto alichomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko haya.

Redio zao nimetengeneza miaka yote, na hakuna aliyewahi kuuliza sauti inatoka wapi.

Kosa nimeliona. Mapigo ya umeme ya milisekunde moja na nusu ndiyo amri ya "simama". Niliyapima asubuhi kukiwa na baridi. Mchana mabati yakiwaka, kipimo kinahama kidogo, na mota inadhani imeambiwa "nenda".

Kwa hivyo kesho sitarekebisha kabla hawajafika. Nitampa mke wa shemasi bisibisi, azungushe skrubu ndogo ya kurekebisha kipimo iliyo kwenye mota, mpaka gurudumu litulie. Kigari kikimtii, mumewe hawezi kuniita mchawi bila kumwita yeye pia.

Lakini akiizungusha kupita kiasi, na kigari kimfuate tena mbele ya wazee wote…