Maelezo Kuhusu Waya Uliochomolewa Dukani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye kitabu cha kituo. Mtaani naitwa Mama Chapa.
Umri: Miaka 47.
Kazi: Nina duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kuwahamishia watu nyimbo na picha kwa kompyuta.
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka hilo hilo, mkabala na ukuta wa hospitali.
Yameandikwa: Jumatatu, tarehe 18 Machi, kuanzia saa 3:40 asubuhi.

Nimeelezwa na afande kwamba nikisema uongo nitawajibika. Nimeelewa na ninaeleza kwa hiari yangu.

Mlalamikiwa na mumewe ninawafahamu kwa miaka kumi na miwili. Mke anashona mapazia katika chumba kinachopakana na duka langu, na wote tunamwita Mama Pazia. Mume ni fundi wa kufuli, tunamwita Fundi Funguo. Walikuwa watu wa utani sana. Mume alipenda kusema kwamba mtaa mzima hakuna mlango unaomshinda isipokuwa wa kwake akichelewa kurudi, na mke humjibu kutoka kwenye cherehani, "Huo ufunguo wake ninao mimi."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka ishirini na minne. Alifundisha chekechea. Watoto walimwita Mwalimu Ndege kwa sababu aliigiza sauti za ndege wakati wa kuwasimulia hadithi. Alifariki mwezi wa nane mwaka jana kwa maradhi ya mapafu, baada ya kulazwa wiki saba. Alikuwa na kicheza muziki kidogo cha mfukoni, chenye ukubwa wa kiberiti, ambacho pia kinarekodi sauti. Alikuwa akirekodia hadithi humo ili wanafunzi wake wachezewe darasani asipokuwepo. Alipofariki, mama yake alikichukua.

Kuanzia hapo Mama Pazia alikivaa shingoni ndani ya kimfuko alichokishona mwenyewe, na spika zake zilikuwa masikioni muda wote. Wateja walikuwa wanamgusa bega ndipo ajue kuna mtu. Mwezi uliopita alimshonea mteja mapazia manne, yote maua yakitazama chini. Alikuwa amekonda, nguo zake mwenyewe zikawa zinampwaya, na wala hakuzipunguza, yeye fundi.

Mnamo tarehe 12 Machi, siku ya Jumanne, saa 9:00 alasiri, Fundi Funguo alikuja dukani kwangu peke yake. Alisimama mlangoni akisubiri mteja wangu atoke. Akaniambia, "Jirani, kile kidude kinanimalizia mke." Nikamwambia ampe muda. Akasema, "Muda gani tena? Nalala na mtu ambaye hanisikii nikimwita." Kisha akanieleza kwamba betri ya kile kifaa imechoka, na mkewe anapanga kukileta kwangu ili sauti zihifadhiwe kwenye kompyuta. Akaniomba, akikileta, nizifute, halafu niseme ni bahati mbaya.

Nilimkatalia. Nilimwambia, "Hilo siliwezi, shemeji, na usinirudie nalo." Hakubisha. Aliomba maji, akanywa nusu glasi, akaondoka. Sikumwambia mkewe. Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka, na sikutaka kuwagombanisha.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Alhamisi, saa 4:10 asubuhi, walikuja wote wawili. Mume alikuwa amembebea mkewe mkoba. Ndani kulikuwa na mteja mmoja, mzee aliyekuja kutoa kopi za fomu za hospitali. Mama Pazia alikitoa kile kifaa kwenye kimfuko akaniwekea kiganjani, asikiachie mara moja. Akasema, "Dada, sasa kinakaa na chaji robo saa tu. Kikizima kabisa nitabaki na nini?"

Nilikichomeka kwenye kompyuta kwa waya wake. Zilionekana rekodi kumi na tisa, zina namba tu, hazikujipanga kwa tarehe. Nilifungua moja kuhakikisha ni zenyewe, na nikasahau kwamba spika za mezani nilikuwa nimeziachia sauti kubwa. Ile sauti ikajaa chumba kizima: "Wanangu, mmekaa vizuri? Nani amemkalia mwenzake?" Yule mzee wa fomu akatabasamu, maana hakujua. Mama Pazia alifumba macho. Fundi Funguo aligeuka akatazama nje. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama. Nikafunga haraka.

Nikaanza kuzihamisha. Kompyuta iliandika kwamba zimebaki dakika tisa. Niliwaambia wote wawili, na nilikuwa nawatazama usoni: "Msiguse huu waya. Zikimaliza, kuna pahala nabonyeza ili kompyuta ikiachie kifaa kwa usalama, ndipo nautoa mwenyewe. Ukichomolewa kabla, vilivyomo vinaweza kuharibika." Mama Pazia akaitikia, "Sawa." Mume akauliza, "Vyote?" Nikamjibu, "Hata vyote." Afande ameniuliza kama nina hakika na swali hilo. Nina hakika.

Mama Pazia alikaa kwenye benchi. Mume alibaki amesimama kando ya meza. Mashine ya kopi ikatafuna karatasi ya yule mzee, nikaenda kuifungua. Kutoka mezani hadi kwenye mashine ni hatua tatu. Nilikuwa nimepiga goti lakini meza naiona, na maneno yao niliyasikia.

Mume alisema, "Zikishaingia humo, utarudi nyumbani?"

Mke akasema, "Mbona nyumbani nipo kila siku."

"Hupo. Tangu mwezi wa nane hupo."

"Unataka nimsahau."

"Mimi pia nilimzaa," akasema mume. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba nafasi ya kukaa.

 Mke alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.  Fundi Funguo akatazama kioo, kisha akanitazama mimi. Tulitazamana. Nilijua anachotaka kufanya. Mdomo wangu ulikuwa wazi, afande, lakini sikutoa neno. Nilidhani akiona nimemwona ataacha.

Saa 4:25, kwa saa ya kompyuta, alishika waya kwa vidole viwili akauchomoa.

Kompyuta ilitoa mlio. Alikuwa amekishika kile kifaa kiganjani. Akasema, "Basi, mama. Imetosha. Twende nyumbani."

Mama Pazia akainuka. Akamuuliza, "Umefanya nini?"

Akasema, "Waya umetoka tu."

Mke akanigeukia mimi. "Dada, zimeingia zote?" Nilienda mezani nikatazama. Nikamwambia, "Sita. Ya saba imefika nusu." Alikichukua kifaa mkononi mwa mumewe, akaweka spika masikioni, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kioo chake kiliandika kwamba hakuna kitu ndani. Nilikichomeka upya, na kompyuta ikakataa kukifungua, ikataka kwanza kifutwe chote. Nilibonyeza hapana. Mama Pazia alikuwa nyuma yangu, alisoma mwenyewe.

Juu ya meza kuna stepla kubwa ya chuma ninayobania vitabu. Aliichukua kwa mikono miwili akampiga nayo mumewe mara moja, juu ya jicho la kushoto. Mume hakuinua mkono kujikinga. Alimwona akija nayo na hakusogea. Alianguka kinyumenyume, kisogo kikagonga pembe ya stuli ya chuma ya mashine.

Mama Pazia aliitupa stepla na kukaa chini pale pale. Alivua kitambaa cha kichwani akakikandamiza kwenye jeraha, kichwa cha mumewe kikiwa mapajani kwake. Akawa anamwita, "Baba. Baba, mimi hapa." Yule mzee wa fomu alivuka barabara kuita watu wa hospitali, wakaja na machela. Saa 4:40 walimchukua. Mama Pazia alitaka kufuata, lakini akarudi mlangoni, akaniambia, "Waambie ni mimi. Usiwazungushe." Alikwenda hospitali na machela, na kutoka huko alikuja mwenyewe hapa kituoni, kama mnavyojua.

Mnamo tarehe 16 Machi, siku ya Jumamosi, saa 10:00 jioni, nilikwenda wodini kumwona majeruhi. Jicho la kushoto limefungwa, na muuguzi aliniambia madaktari hawana hakika nalo. Fundi Funguo aliniambia amewaeleza askari kwamba aliteleza kwenye karatasi za dukani kwangu. Akaniomba na mimi niseme hivyo. "Ukisema kanipiga, watamfunga jela," akasema. "Atakaa na nani huko? Hapendi kulala na watu asiowajua." Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Hakuteleza. Karatasi chini hazikuwepo, zilikuwa kwenye mashine.

Afande ameniuliza kama waya ungeweza kutoka wenyewe. Hauwezi. Sehemu yake inabana, hata mimi hukishikilia kifaa kwa mkono mmoja nikiutoa kwa mwingine.

Sasa naomba liandikwe jambo ambalo sijaulizwa.

Kuna kunakili na kuna kukata. Ukinakili, kompyuta inasoma tu, na sauti zinabaki kwenye kifaa kama zilivyokuwa. Ukikata, kila moja ikishaingia kwenye kompyuta inafutwa kule ilikotoka, kwa hiyo kifaa kinakuwa kinaandikwa na kufutwa muda wote. Waya ukichomolewa katikati ya kazi ya namna hiyo, madhara huwa makubwa zaidi. Kazi hii nimeifanya miaka tisa na ninalijua hilo. Siku ile nilikata. Sikudhamiria, ni mazoea ya mkono, kwa sababu wateja wengi hutaka vifaa vyao vibaki na nafasi, na nilikuwa naharakisha ili ile sauti isije ikafunguka tena. Ningenakili, huenda zingine zote zingekuwepo hadi leo. Mama Pazia hajui. Kosa la mumewe analijua, langu halijui, na alimpiga mtu mmoja kwa makosa ya watu wawili. Ukiongeza na kwamba Jumanne niliambiwa nikanyamaza, sijui hata niseme ni ya wangapi.

Tangu siku ile sijafungua duka. Jana Jumapili, saa 5:00 asubuhi, nilijifungia, nikawasha kompyuta nikasikiliza zile sita, nione kama ni nzima. Ni nzima. Tano ni hadithi za watoto alizozirekodi akiwa na afya.

Ya sita ni ya wodini. Mashine ya hewa inasikika nyuma. Mwalimu Ndege anasimulia hadithi ya sungura na fisi, na pumzi inamkatikia. Halafu anasikika baba yake. Inaonekana ndiye aliyekuwa amemshikia kile kifaa. Binti anamwambia, "Baba, nisaidie, wewe uwe fisi." Baba yake anakohoa kidogo, anasema, "Samahani, bwana sungura, una nyama?" Binti anacheka mpaka anakohoa. Anamwambia, "Fisi gani huyo mwenye adabu, baba? Nguruma." Baba ananguruma. Si mngurumo wa maana. Wote wawili wanacheka. Kisha baba anasema, "Umechoka mwanangu, ngoja nizime." Na binti anasema, "Usizime, baba. Bado sijamaliza."

Baada ya hapo anamalizia hadithi, dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mama Pazia lazima alikuwa ameisikia mara nyingi, masikioni kwake peke yake. Ila sidhani kama Fundi Funguo amewahi kuisikiliza.

Nimenakili zote sita kwenye flashi mbili. Moja naikabidhi hapa kituoni. Nyingine naomba ruhusa ya kumpa mmoja wao, sijui yupi, naomba mnisaidie kuamua.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa, nimekubali kwamba ndivyo nilivyosema, na naweka sahihi yangu.

(Sahihi) Mama Chapa
18 Machi, saa 5:05 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI MPELELEZI: Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, bila kumshurutisha. Shahidi alisitisha maelezo mara mbili, akapewa maji. Flashi moja imepokelewa kama kielelezo na kuwekwa pamoja na kifaa na stepla. Kuhusu flashi ya pili, saa 5:30 asubuhi mlalamikiwa aliarifiwa mahabusu kilichomo, na akaulizwa kama angependa kusikiliza mbele yangu.  Akasema ipelekwe wodini, baba yake binti asikilize kwanza.